Kuweka akiba ya programu za simu kabla hazijatoweka

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, kazi zimenibana, lakini kuna swali ambalo huulizwa kila nikienda nyumbani Mbumbuni na nimechoka kulijibu nusunusu kando ya barabara huku boda boda ikinisubiri. Swali lenyewe: je, naweza kuitoa programu iliyo tayari ndani ya simu yangu ya Android, niiweke kando kama faili, ili siku nikiihitaji tena nisiipakue upya?

Jibu fupi ni ndiyo. Huhitaji kuivunja simu wala kumlipa fundi. Ni amri tatu tu na waya ya USB. Jibu refu lina vizingiti kadhaa, na hivyo ndivyo vimenifanya niandike.

Kwa wasioijua, Mbumbuni ni soko dogo upande wa Mbooni, kaunti ya Makueni, nchi ya vilima na matuta ya shamba. Mtandao wetu unategemea umesimama upande gani wa kilima. Juu barabarani unapata 4G safi, ukiteremka kuelekea mtoni simu inaanza kuonyesha ile herufi E ambayo watoto wa Nairobi hawajawahi kuiona. Bando ya shilingi 20 haifiki mbali siku hizi ambapo programu moja ya kawaida ina megabaiti 80 au 100. Kwa hivyo watu wa kwetu walijifunza zamani kugawiana programu simu kwa simu, kwa Bluetooth kwanza, kisha kwa Xender na SHAREit. (India ilizipiga marufuku zote mbili Juni 2020, kwetu zikaendelea kama kawaida.) Ukimkuta kijana ameketi nje ya duka la M-Pesa na simu mbili mkononi, mara nyingi ndiye Play Store ya mtaa.

Mimi tabia hii sikuitoa kwa simu. Niliitoa kwa Linux. Nikiwa chuo kikuu nikisomea sayansi ya kompyuta, intaneti ya bure ilikuwa chuoni tu, nyumbani hakuna. Ubuntu ya wakati ule, kama mnavyojua, ilipopakua kitu kwa apt iliacha kifurushi chenyewe ndani ya /var/cache/apt/archives. (Nikisema kifurushi humu nina maana ya faili la kusakinishia programu. Kile cha data sisi tunakiita bando.) Kila muhula ukikaribia kwisha nilikuwa nanakili folda ile yote kwenye flashi, nafunga safari, na likizo nzima nasakinisha ninachotaka bila kugusa mtandao. Waliowahi kutumia Nokia N900 ya mwaka 2009, simu iliyokuwa Linux waziwazi, walikuwa na apt hiyo hiyo mfukoni. Na leo ukiweka Termux kwenye Android utaikuta tena, na vifurushi vyake vya .deb unaweza kuvihifadhi vivyo hivyo.

Android nayo ni Linux chini kabisa, kerneli ni ile ile. Kifurushi chake kinaitwa APK, na APK si uchawi wowote, ni faili la zip. Badilisha jina liishe kwa .zip, lifungue, utakuta ndani AndroidManifest.xml, classes.dex, picha, maandishi, na pengine folda ya lib yenye msimbo wa aina ya prosesa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba simu haikitupi kifurushi baada ya kusakinisha. Kinakaa ndani ya /data/app muda wote programu ikiwapo, kwa sababu ndicho kinachoendeshwa. Kwa hiyo hatutengenezi kitu kipya, tunanakili kilichopo.

Haya, twende. Kwenye simu ingia Mipangilio, tafuta nambari ya muundo, iguse mara 7, kisha washa Utatuzi wa USB. Kwenye kompyuta weka adb. Unganisha waya, kubali ombi linalotokea kwenye kioo, kisha:

adb shell pm list packages -3

Hiyo inakupa majina ya programu ulizoweka wewe mwenyewe, bila zile zilizokuja na simu. Chagua unayoitaka:

adb shell pm path jina.la.programu

Utajibiwa njia ndefu inayoishia base.apk. Usiogope zile herufi za ovyo katikati, Android 11 na baadaye ndivyo inavyozipanga. Nakili njia hiyo:

adb pull /data/app/...../base.apk

Basi. Faili liko kwenye kompyuta yako. Kulirudisha ni adb install base.apk.

Au tuseme ndivyo ilivyokuwa rahisi hadi mwaka 2021. Tangu Agosti mwaka huo Google inawataka watengenezaji wa programu mpya wapeleke Play kitu kinachoitwa App Bundle badala ya APK moja. Play yenyewe ndiyo inayokata vipande na kukupa vile tu vinavyoifaa simu yako. Hapo pm path haitakupa mstari mmoja, itakupa mitatu au minne: base.apk, split_config.arm64_v8a.apk ya prosesa, split_config.xhdpi.apk ya kioo, na kama simu yako imewekwa Kiswahili utakuta hata split_config.sw.apk. (Nilifurahi sana nilipoiona mara ya kwanza, lugha yetu imepewa faili lake!) Lazima uvichukue vyote, na kuvirudisha unatumia adb install-multiple ukivitaja vyote kwa pamoja. Ukijaribu base.apk peke yake unaambiwa INSTALL_FAILED_MISSING_SPLIT.

Mpango huu unapunguza ukubwa wa kupakua, na kwa mwenye bando ndogo hiyo ni faida. Lakini umeua ule ugawanaji wa kando ya barabara kwa kiasi fulani. Vipande vilivyokatwa kwa simu yangu ya biti 64 havitoshi kwa simu ya bei rahisi ya Android Go inayoendesha mfumo wa biti 32, na hizo ndizo zimejaa kwetu. Ukitaka kuweka akiba itakayowafaa wengi, chukua kutoka kwa simu mbili tofauti, moja ya kila aina, uzitie kwenye folda mbili.

Sasa niwaeleze kwa nini haya si mchezo wa watu wa kompyuta tu.

Shangazi yangu ana duka Mbumbuni. Unga, sukari, mafuta ya taa, dawa za ng'ombe na za mbuzi, mbegu msimu ukifika. Duka la kijijini halitembei kwa pesa taslimu peke yake. Ukambani tunategemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, na kati ya kupanda na kuvuna ndengu watu hawana kitu, kwa hivyo wanakopa. Tangu 2017 shangazi alikuwa akiandika madeni yote kwenye programu moja ndogo ya daftari ndani ya simu. Ni programu rahisi sana: jina, kiasi, tarehe, kilicholipwa, kilichobaki. Haikuhitaji intaneti hata kidogo na ndiyo sababu aliipenda.

Mwaka jana betri ya simu ile ilivimba hadi ikainua mfuniko wa nyuma. Simu ikawa inawaka tu ikiwa kwenye chaja. Shangazi akanunua mpya Machakos, akafungua Play Store, akaandika jina la programu. Haipo. Akanipigia. Nikatafuta na mimi, haipo. Tovuti ya mtengenezaji ilikuwa imezimwa na barua pepe niliyomwandikia ikanirudia.

Programu ile ilikuwa na kitufe cha kuhifadhi nakala, na shangazi, ambaye ni mwangalifu kuliko wahandisi ninaofanya nao kazi, alikuwa akikibonyeza kila Jumamosi. Nakala zilikuwa kwenye memori kadi, nzima kabisa. Lakini nilipozifungua kwenye kompyuta ndani hamkuwa na kitu cha kusomeka. Si maandishi, si hifadhidata ya kawaida ya SQLite, ni baiti zilizofichwa kwa namna ambayo programu yenyewe tu ndiyo inayoijua. Kwa maneno mengine, ana sanduku na ana vitu ndani ya sanduku, lakini ufunguo uko ndani ya simu inayokufa.

Nilifika Ijumaa jioni. Tuliiweka simu ya zamani juu ya sahani ya bati, mbali na mapazia, kwa sababu betri iliyovimba si ya kuchezea, nikaiunganisha na kipakatalishi. pm path ikatoa mstari mmoja tu. Programu ilikuwa ya kabla ya vipande, APK moja ya megabaiti 4. Ikanakilika kabla hata sijameza chai.

Kisha nikajaribu kuisakinisha kwenye simu mpya, na Android ikakataa. INSTALL_FAILED_DEPRECATED_SDK_VERSION. Hii ni sheria iliyokuja na Android 14 mwaka 2023: programu iliyolenga toleo la kabla ya Android 6.0 hairuhusiwi kusakinishwa. Sababu yake ni ya haki. Android 6.0 ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanza kukuuliza ruhusa moja moja wakati programu inatumika, na waandishi wa programu za wizi walikuwa wanajifanya wazee ili kulikwepa swali hilo. Lakini sheria haimjui shangazi. Dawa yake ni hii:

adb install --bypass-low-target-sdk-block base.apk

Ikaingia. Ilipofunguliwa mara ya kwanza simu ilionya kwamba programu ni ya zamani, ikaorodhesha ruhusa zote kwa pamoja, tukakubali. Tukaielekeza kwenye nakala ya Jumamosi iliyopita. Majina yakatokea, 63, na jumla chini kabisa: shilingi laki mbili na ushei.

Shangazi hakupiga kelele. Alivuta kiti akaketi, akasema, "Toa kalamu, mwanangu." Hakutaka kuiamini simu tena usiku ule, na kusema kweli hata mimi sikutaka. Programu haikuwa na njia ya kutoa orodha kwa muundo mwingine, kwa hiyo tulinakili kwa mkono kwenye daftari la kurasa 200, yeye akisoma, mimi nikiandika. Kila jina lilikuja na maelezo yake. Huyu amelipa nusu kwa kuku. Huyu mume wake yuko Mombasa, atatuma mwisho wa mwezi. Huyu usimwandikie yote, mtoto wake alilazwa, mwandikie ya unga tu. Nikamwambia programu haina pahali pa kuandika hayo. Akasema ndiyo maana yeye yupo.

Katikati ya kazi nikauliza ingekuwaje kama majina yasingepatikana. Nilidhani ataongea juu ya hasara yake. Akasema wale wa kudanganya anawajua, hao si wengi. Kilichomsumbua ni wale waliokuwa wamelipa kidogo kidogo, mia leo, hamsini kesho. Mtu amelipa mara 11 na hana risiti hata moja, ushahidi wake wote uko kwenye simu ya mwenye duka. "Nikimwambia anaanza upya, nimemwibia. Nikimsamehe, nimejiibia." Sikuwa nimelifikiria hivyo. Sisi tunaoandika programu huona data kuwa ya yule aliyeshika simu.

Tulimaliza karibu saa sita usiku.

Turudi kwenye ufundi, maana kuna mambo ambayo lazima myajue kabla hamjaanza kujaza memori kadi.

Kwanza, APK ni programu, si data. Ukinakili kifurushi cha daftari la shangazi bila nakala zake, utapata daftari tupu. Na data hiyo kuitoa kwa adb kumekuwa kugumu: amri ya adb backup imestaafishwa, na tangu Android 12 programu nyingi hazimo tena ndani yake. Kama programu ina kitufe chake cha kutoa nakala, kitumie, na ujaribu kuifungua nakala mahali pengine.

Pili, kuna programu ambazo kifurushi chake cha zamani hakina thamani. Za benki na za pesa hukulazimisha kusasisha, na WhatsApp ya zamani huisha muda wake, hata uitunze vipi. Uhai wa programu hizo uko kwenye seva ya mwenyewe. Mimi nahifadhi zile zinazofanya kazi simu ikiwa haina mtandao: kamusi, ramani za nje ya mtandao, kisoma PDF, kikokotoo, daftari, kinasa sauti, michezo ya watoto. Nyingi nazitoa F-Droid, ambako vifurushi ni vya programu huria na kuna hata hazina ya matoleo ya zamani, hivyo huhitaji kuchimba kwenye simu ya mtu.

Tatu, na hili nalisisitiza, kifurushi cha mtu usiyemjua ni kama dawa isiyo na kibandiko. Kila APK ina sahihi ya kidijitali ya aliyeitengeneza, na tangu Android 7.0 sahihi hiyo inaweza kulinda faili zima. Android haikubali sasisho lenye sahihi tofauti juu ya programu iliyopo. Lakini ukisakinisha upya kabisa, simu haijui sahihi ya kweli ilikuwa ipi, itakubali yoyote. Kwa hiyo iangalie wewe kwa apksigner verify --print-certs na uilinganishe na ya programu uliyoitoa mahali unapopaamini. Mimi kwa kila faili naandika pia jibu la sha256sum kwenye faili dogo la maandishi, pamoja na tarehe na jina la simu lilikotoka. Dakika moja tu. Google wenyewe tangu 2018 wanaongeza alama ya usalama ndani ya vifurushi vya Play, ili programu iliyopitishwa simu kwa simu iweze kutambulika hata bila intaneti, na walisema wazi walikuwa wanafikiria nchi ambako data ni ghali. Nchi kama yetu.

Ndiyo sababu tangazo lao la Agosti 2025 lilinikera. Walisema kwamba kwenye simu za Android zilizoidhinishwa nao, programu itasakinishwa tu ikiwa mtengenezaji wake amejisajili kwao na kuthibitisha yeye ni nani, hata kama programu haikutoka Play. Mpango ni kuanza Septemba 2026 huko Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Baada ya kelele nyingi, Novemba 2025 wakasema kutakuwa na njia ya watu wenye ujuzi kukubali hatari na kuendelea, na adb walikuwa wameshasema itabaki. Naelewa wanapotoka. Nimeona wazee wakitumiwa APK za mikopo ya uongo na kupoteza pesa. Lakini mtengenezaji ambaye tovuti yake imezimwa na barua pepe yake inarudi hawezi kwenda kujisajili popote. Programu yake ilikuwa halali ilipotoka, na itahesabiwa sawa na ya mwizi. Na "watu wenye ujuzi" ni akina nani? Kijana wa simu mbili pale nje ya duka la M-Pesa anao ujuzi, waya na kompyuta hana.

Kwa wenye simu tu, bila kompyuta, kuna nafuu kidogo: zipo programu huria ndani ya F-Droid zinazotoa APK za programu zilizomo kwenye simu na kuzitia kwenye memori kadi, pamoja na vipande vyake. Jaribuni moja, lakini hakikisheni mnaweza kuvirudisha, msiridhike kwa kuona faili limetokea.

Akiba yangu mwenyewe sasa ina vifurushi 41, inaingia yote kwenye memori kadi ya gigabaiti 4 na nafasi inabaki. Nimeacha nakala moja kwa binamu yangu anayetengeneza simu hapo sokoni. Naandika skripti ndogo itakayofanya kazi hii kwa amri moja: ipitie orodha, itoe vipande vyote, iandike sahihi, iruke zile ambazo tayari ninazo. Ikitulia nitaiweka hapa. Kwa sasa inakwama kwenye simu mbili za biti 32 na nashuku ni namna ninavyosoma majibu ya pm path. Mwenye simu ya aina hiyo na muda wa kunitumia matokeo yake aniandikie. Stima imepotea tangu saa nane na betri imebaki asilimia 9, naishia hapo.